Mashine Iliyochelewa Kuamka

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, ingawa wa kulia una malengelenge na kalamu inauonea. Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima na mgongo wako umeacha vituko. Shemeji namsalimu sana, na kikohozi chake nakisalimu pia, maana nakijua kuliko sauti yake; kila nilipopiga, hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuitikia. Mpwa wangu mwambie nimezipata habari za mtihani wake na nimejigamba mpaka wenzangu wamechoka. Wale wadogo wanaopenda kunitolea ndimi kwenye skrini waambie nimewaona, na nitakuja na wembe. Mama namweka mwisho kwa sababu barua hii ni yake, ingawa nakuomba usimsomee.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Bado niko kiwanda cha vigae, bado niko sehemu ya kuvitoa tanurini na kuvipanga kwenye vichanja vya mbao. Joto la pale mwili unalizoea, ila vumbi halizoeleki. Ni jeupe, laini kama unga, linaingia masikioni, kwenye soksi, kwenye mkate. Tukitoka kazini tunafanana wote, mweusi na maji ya kunde, kijana na mzee, kama maandazi kabla hayajaingia kwenye mafuta. Namshukuru Mungu, kifua changu hakijanisumbua.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono kama watu wa zamani. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Kinyozi kwa sababu ndiye anayetunyoa, amepata likizo na njia yake inapita karibu na kwenu. Nimemwomba aiweke barua hii mkononi mwako wewe, si kwa mtoto. Mpe kiti, mpe maji, na akianza kukusimulia jinsi anavyonifunga kwenye karata usimwamini hata neno moja. Ujumbe wa simu ningeweza kutuma, lakini simu ya pale nyumbani ni ya wote, na mpwa wangu ana tabia ya kusoma kwa sauti.

Ujumbe wako niliupata. Uliuandika una hasira, na mimi niliusoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye foleni. Uliniuliza kama siku hizi nimekuwa waziri, maana kuniona kunahitaji miadi na miadi yenyewe siitimizi. Ulisema kila Ijumaa unamwogesha Mama, unamfunga kile kitambaa chake cha kichwa cha bluu, unamkalisha mbele ya kompyuta ya mpwa wangu, na mnakaa hapo mnatazamana na kioo kitupu kama watu waliosahauliwa kituoni, mpaka anasinzia. Ukasema Ijumaa iliyopita alikataa kitambaa. Hilo la kitambaa ndilo lililonitoa kwenye foleni.

Nilikujibu kwa maneno mawili tu, kwamba mashine mbovu. Leo nataka nikueleze habari ya hiyo mashine kwa urefu, halafu nikueleze na lililobaki. Unijuavyo, shule niliiacha njiani, sijui kupanga maneno. Univumilie niende hatua kwa hatua, nisije nikaruka jambo na wewe ukanirukia mimi.

Kompyuta tunayotumia ni ya chumba kizima. Ofisi ya kiwanda ilipobadilisha mashine zake, tulichanga tukanunua moja ya zile kuukuu, ile ya kukunja, nyeusi, pembe moja imevunjika na imefungwa kwa gundi ya karatasi. Tuko wanne chumbani. Kuna mimi, kuna Kinyozi, kuna Dereva anayeendesha ile mashine ya kunyanyulia vichanja, na kuna mzee wetu mmoja tunayemwita Mzee wa Redio, nitakueleza kwa nini. Ijumaa ndiyo siku yetu ya mapumziko, na Ijumaa kila mtu ana zamu yake ya kukaa na mashine na kuongea na watu wake. Zamu si ndefu. Baada yetu chumba cha pili wanaazima, na wao hawana subira.

Sasa kuna desturi chumbani kwetu ambayo hakuna aliyeitunga. Mtu akimaliza zamu yake haiachi mashine wazi. Anaizima kabisa, anaifunika, anampa mwenzake ikiwa giza. Ilianza siku Dereva alipoacha skrini wazi akatoka nje kuvuta hewa, na Mzee wa Redio alipokaa kwenye kiti akakutana uso kwa uso na mke wa Dereva, analia, anajipangusa kwa mkono wa gauni, hajui kama mumewe keshaondoka. Mzee akamwambia pole mwanangu, akageuza kiti akautazama ukuta mpaka Dereva aliporudi. Tangu siku hiyo, kila mmoja anaizima. Na ukimwona mwenzako katoka kwenye zamu yake na macho mekundu, humuulizi kitu. Unamwambia tu kwamba vumbi la leo kali.

Kwa hiyo mashine ile inawashwa na kuzimwa kila zamu. Ilipokuwa mpya kwetu haikuwa shida. Baadaye ikaanza kuchelewa kuamka. Unabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inalia kama nzi ndani ya kopo, na skrini inabaki nyeusi. Halafu inatoka nembo. Halafu kile kiduara kinachozunguka. Kinazunguka, kinazunguka, unaona picha ya nyuma imetokea, unashukuru, unagusa, haigusiki. Kinyozi alidai kwamba kati ya kubonyeza kitufe na mashine kukubali kuguswa anaweza kumnyoa mteja kichwa kizima, na si maneno, alifanya hivyo kweli, alimnyoa Dereva, na akamaliza akiwa bado anasubiri. Ndio maana wakati mwingine ulikuwa unaniona natokea, nawasalimia, na kabla sijafika kwa Mama nakuambia zamu imekwisha. Nusu ya zamu yangu ilikuwa imeliwa na kile kiduara.

Lakini nikuambie ukweli, Dada, kule kusubiri hakukuwa kubaya. Mtu hawezi kukaa kimya mbele ya kioo cheusi. Mwenye zamu alikuwa anaanza kuongea tu, na sisi wengine tuko vitandani tunasikiliza. Dereva anaeleza mapacha wake walivyogombania jina. Kinyozi anaeleza mwanawe aliyemfundisha karata mwenyewe na sasa anamshinda. Mimi nilikuwa naeleza habari za Mama na cherehani yake pale dirishani, na jinsi macho yake yalivyoanza kufifia ningali mdogo, nikawa ndiye wa kumtungia uzi kwenye sindano. Nikawaeleza alivyonifundisha kuulowesha uzi kwa ulimi, kuusokota kwa vidole, kuuelekeza kwenye mwanga. Na jinsi alivyokuwa anapaza sauti nyumba nzima, Jicho langu liko wapi, nami naacha mpira nakwenda. Basi na hapa chumbani wakaanza kuniita Jicho. Hata msimamizi wa tanuri siku hizi ananiita hivyo, anadhani ni jina la ukoo.

Tulijaribu dawa zote tulizozijua. Dereva aliipiga kofi ubavuni, akasema mashine yake ya kazini inasikia kofi. Hii haikusikia. Mzee wa Redio akasema imechoka, iachwe ilale wiki nzima. Tukamwambia aanze yeye kuiacha zamu yake, akageuza mazungumzo. Kinyozi akatoa brashi yake ya kupangusia nywele shingoni, tukafungua kifuniko cha chini kwa kisu cha mkate, tukakuta feni imejaa vumbi jeupe la vigae kama unga kwenye chekecheo. Tukalipangusa lote. Feni ikaacha kulia, mashine ikaacha kuunguza mapaja, tukashangilia kama watu waliofunga bao. Tukaiwasha. Ikachelewa vilevile, ila sasa inachelewa kimyakimya.

Pale ofisini huwa anakuja fundi wa kompyuta, binti mmoja mrefu, anatembea haraka, mkoba begani. Siku moja wakati wa chakula nilimsimamisha nikiwa na vumbi langu lote, nikamweleza. Hakunidharau, lakini hakunibembeleza pia. Aliniuliza imeanza lini. Aliniuliza inachelewa kabla ya picha ya nyuma kutokea au baada. Nikamwambia baada ndiyo mbaya zaidi. Aliniuliza ikishaamka kabisa inakwenda vizuri, nikamwambia ikishaamka haina neno, ni kama mtu mwingine. Akatikisa kichwa, akasema nimletee.

Nilimpelekea, akaiwasha juu ya meza ya kulia, tukasubiri wote wawili. Alikuwa na subira kuliko sisi. Akafungua sehemu ambayo sikuwahi kuiona, akanionyesha programu zimepangwa kwa safu, akasema hizi zote zinajiwasha zenyewe kila mnapobonyeza kitufe, hata kama hakuna anayezihitaji, akauliza nani kaziweka. Nilipozitazama, Dada, niliona haya. Nilizijua. Zilikuwa sisi.

Ni hivi. Kila mtu, ili asipoteze zamu yake kutafutatafuta, alikuwa amemwomba jamaa mmoja wa chumba cha pili amwekee kitu chake kiwe kinafunguka chenyewe. Mzee wa Redio aliweka redio ya kwao, kwa ajili ya matangazo ya vifo tu. Muziki hausikilizi. Anataka kujua nani katangulia. Dereva aliweka picha za mapacha ziwe zinapita moja moja. Kinyozi aliweka mchezo wa karata anaocheza na mwanawe kwa mbali. Na mimi niliweka ile programu ya kupigia, na folda yote ya picha na video ulizowahi kunitumia, tangu siku ya kwanza, zote zifunguke. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alijua anaokoa muda wake, na wote tukawa tunaulana muda. Na yangu ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote. Mimi niliyekuwa namcheka mzee na redio yake.

Fundi alicheka, lakini si kwa ubaya. Akasema mashine hii haijazeeka kama mnavyodhani. Diski yake ni ya aina ya zamani, ya kuzunguka, siku mkiweza badilisheni, lakini kwanza acheni kuipa kazi zote kwa pamoja kabla haijanawa uso. Akasema ina kila kitu ndani, hakuna kilichopotea. Inajaribu kuwaitikia wote kwa mara moja ndio maana haimwitikii yeyote. Ipeni kitu kimoja. Ikishaamka ndipo muiombe kingine. Hayo maneno yake nayaweka hapa, nitayarudia.

Hakuzizima yeye. Alisema vitu vya watu wazime wenyewe, akanionyesha pa kubonyeza, akachukua mkoba wake akaenda. Ijumaa tukakaa kikao. Ilikuwa vita. Dereva alisema mapacha wake hawagusiki. Kinyozi akamwambia mapacha wako tunawajua wote, hata tukikutana nao gizani. Mzee wa Redio aliuliza, sauti ikiwa chini, kama siku ile atakayotangazwa mtu wake redio itakuwa imezimwa, nani atabeba hiyo lawama. Mwishowe nikasema nitaanza mimi, kwa kuwa mzigo wangu ndio mkubwa. Nikabonyeza. Kinyozi akabonyeza yake. Dereva akabonyeza yake akigeuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Ya mzee tukaamua ibaki, peke yake, na yeye akasema la, mkitoa wote na mimi natoa, msinifanye mtoto. Akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole.

Tukaizima. Tukaiwasha. Dada, nilikuwa navuta kiti nikae, kabla sijakaa imeshafunguka. Hakuna aliyeshangilia safari hii. Dereva alisema tu, kumbe. Tukabaki tunatazamana, maana ule muda wa maneno ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyejua sasa tuyaweke wapi.

Sasa nafika pale nilipokuwa nakuzungusha. Mashine ilipona zamani. Ijumaa zote hizo ulizomkalisha Mama mbele ya kioo, mashine ilikuwa nzima. Zamu yangu ilifika, niliiwasha, ikaitika kama mtoto mwenye adabu, nikaiona ile picha yako ndogo yenye mduara, unacheka, na chini yake kitufe cha kupiga. Nikakaa nikakitazama. Sikukibonyeza. Muda wangu ukaisha, nikaizima, nikaifunika, nikampa Kinyozi. Akanitazama akaniambia vumbi la leo kali. Nikamwambia kali kweli. Na Ijumaa iliyofuata hivyohivyo.

Nilikuwa naogopa, Dada. Namwogopa Mama.

Unaikumbuka ile mara ya mwisho tulivyoongea. Nyumba ilikuwa imejaa, watoto wanasukumana, shemeji anakohoa, mtu anaburuta kiti, na wewe umemshika Mama bega unamwambia tazama Mama, tazama vizuri, huyu nani, mtaje, mbona unamjua. Mama alinitazama. Alinitabasamia, lakini lile tabasamu nalijua, ni lile analompa mgeni aliyepiga hodi saa ya kazi. Akakuuliza kama huyu mzee amepewa maji. Wewe ukapaza sauti, Mama, ni Jicho huyu! Akasema hapana. Akasema Jicho ni mtoto. Nimemtuma uzi, anachelewa.

Mlicheka wote. Na mimi nilicheka. Uliniambia nikaoge, vumbi la kichwani ndilo linalomchanganya. Nilikata simu nikaenda bombani, nikajisugua kichwa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka. Maji yakatoka meupe, halafu yakatoka safi. Nikajitazama kwenye kile kioo cha Kinyozi. Vumbi lilikuwa limekwisha, na nywele zilikuwa nyeupe vilevile. Sikuwa nimejua. Hapa wote tuna vichwa vyeupe, hakuna anayejua chake ni cha vumbi au ni cha umri.

Basi nikawa namwaza. Yuko mtoto kichwani mwake ametumwa uzi, na mimi niko hapa mzee nimejaa vumbi, na hatukutani. Nikasema nikipiga tena na tena, na kila mara anaambiwa huyu ndiye, nitamharibia hata yule aliyebaki naye. Afadhali aendelee kumsubiri yule. Ndivyo nilivyojidanganya, mpaka uliponiandikia kwamba amekataa kitambaa. Kitambaa kile anavaa akimsubiri mtu. Akikikataa, maana yake ameacha kusubiri.

Na kuna jambo jingine sijakuambia. Likizo yangu imekubaliwa. Msimamizi aliniuliza siku nyingi kama nitaichukua au nitaiuza nifanye kazi, na mimi nikawa namwambia kesho, kesho. Nilichoogopa si safari. Nilikuwa naogopa kuingia uani kwetu na mama yangu mzazi anifutie kiti cha mgeni.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapokuomba. Yule fundi hakuwa anamzungumzia Mama, lakini nimelala na maneno yake muda mrefu. Sisi tunamharakisha Mama. Tunamwamsha na kumpa kazi zote kwa pamoja, watoto, kelele, kioo chenye mwanga, mtaje huyu, mjue yule, sema jina. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitokea tu naanza kumpigia kelele, Mama hujambo, Mama unanisikia, Mama unanijua. Nani angeitika hapo? Hata mimi nisingejua jina langu. Sikulaumu, Dada. Wewe ndiye unayemwogesha na kumlisha, mimi natuma salamu tu. Nakuomba kitu kidogo tu tujaribu.

Ijumaa ya kwanza baada ya Kinyozi kufika, mkalishe Mama pale dirishani penye mwanga, si mezani. Watoto wapeleke nje, na shemeji namwomba radhi, akakoholee nje pia. Kitambaa usimlazimishe. Mpe nguo yoyote yenye kifungo kilicholegea, aishike. Usimwambie anaongea na nani. Usimuulize kitu. Weka kompyuta upande wake ule wa mkono wa kushoto, pale nilipokuwa nakaa kwenye kigoda, halafu na wewe kaa kimya, najua itakuuma.

Mimi sitapaza sauti. Nitakaa na ovaroli langu la kazi, lina kifungo kinaning'inia, na sindano, na uzi. Nitausogeza mkono karibu na kamera, nitaulowesha uzi kwa ulimi, nitausokota, nitauelekeza kwenye mwanga. Atazame akitaka. Asipotaka, asitazame. Nitashona kifungo changu. Na asipokuwa tayari zamu ikiisha, nitaendelea, maana Mzee wa Redio nilipomweleza alinipa na zamu yake. Alisema watu wake waliokufa hawana haraka, Ijumaa moja watamsubiri.

Akisema neno, niache nimjibu mimi. Akiniuliza kama nimekunywa maji, nitamwambia ahsante, nimekunywa.

Na liwe liwalo siku hiyo, nakuja. Leo asubuhi, kabla sijaingia tanurini, nilimfuata msimamizi nikamwambia likizo siiuzi. Alishangaa akaniuliza kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimetumwa kitu nyumbani, nimechelewa kukipeleka. Usimwambie Mama tarehe, wala usiwakusanye watu uani. Nikifika nikute nyumba iko kawaida. Akinifutia kiti cha mgeni, nitakikalia, nitakunywa maji ya mgeni, na sitamwambia mimi ni nani. Nitauliza tu kama hapa kuna sindano inayotaka kutungwa.

Nisalimie majirani wote, wale wa ukuta mmoja na wale wa ng'ambo ya njia. Yule mama wa duka mwambie deni la maneno aliyonisema nitakuja kulilipa ana kwa ana. Mpwa wangu mwambie na kompyuta yake ikianza kuchelewa kuamka asiipige kofi, atazame kwanza ni nini kinajiwasha chenyewe. Kinyozi akimaliza maji yake mruhusu aende, na yeye ana kwao, wanamsubiri.

Kalamu inaisha na malengelenge yamepasuka, naishia hapa. Mguse Mama shavuni kwa ajili yangu, usimwambie umetumwa na nani.

Nimeshaununua uzi, Dada. Ni wa bluu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Jicho